Sheikh Abdullah Quilliam na Ukumbi wa Wapinga Pombe

Mji wa bandari haukosi vitu viwili: watu wa kila rangi na vilabu vya pombe. Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kuambiwa hayo na mtu. Tumemwona baharia akishuka melini na mshahara wa miezi mfukoni, na kulipopambazuka hana hata nauli ya kumrudisha gatini. Tumewaona pia vijana wa mitaani petu, watoto waliohitimu chuoni, wakimngojea mgema chini ya mnazi wake kama watu wangojeao pilau ya harusi.

Basi, msomaji wangu, leo nataka nikuchukue hadi bandari nyingine iliyo mbali na yenye baridi kali, nayo ni Liverpool, nchini Uingereza. Nataka nikusimulie habari za mtu mmoja aliyeuchukia ulevi tangu utotoni, na chuki hiyo ikamfikisha mahali ambapo hakupatazamia, mbele ya kibla. Mtu huyo alikuwa wakili William Henry Quilliam, ambaye ulimwengu wa Kiislamu ulikuja kumjua kwa jina la Sheikh Abdullah Quilliam.

Wengi wamesikia kwamba ndiye aliyeasisi msikiti wa kwanza wa mji ule. Walio wachache ndio wajuao kwamba kabla ya msikiti palikuwa na ukumbi, na ukumbi wenyewe haukuwa wa Waislamu. Ulikuwa wa Wakristo waliokula kiapo cha kutoonja tone la pombe. Kisa cha Sheikh Abdullah hakieleweki mpaka kwanza tuufahamu ukumbi ule.

KIAPO CHA PRESTON

Katika karne ya 19, Uingereza ilikuwa nchi ya viwanda, makaa ya mawe na meli, na ilikuwa pia nchi ya ulevi. Kilabu cha pombe kilikuwa ndiyo sebule ya mtu maskini. Humo mlikuwa na moto wa kuotea, taa, na watu wa kuzungumza nao. Vyama vya wafanyakazi vilikutana humo, na mahali pengi hata mishahara ililipwa humo humo, mpaka sheria ilipopiga marufuku jambo hilo mwaka 1883. Fikiria, ewe msomaji, mtu anahesabiwa ujira wake wa wiki nzima juu ya meza ya muuza pombe! Mke na watoto nyumbani walipata kilichosalia, ikiwa kilisalia.

Ndipo Septemba 1, 1832, katika mji wa Preston, usio mbali na Liverpool, watu saba walipotia sahihi ahadi ya kuacha kileo cha aina yoyote. Aliyekuwa mbele yao ni Joseph Livesey, muuza jibini aliyekulia katika umaskini. Kabla yao walikuwako waliohimiza watu wapunguze vinywaji vikali tu. Hawa wa Preston walisema ni kuacha kabisa, si kupunguza. Fikra yao ikasambaa miji yote kama moto wa makuti.

Lakini wapinga pombe hao waligundua jambo moja mapema. Kumwambia mtu asiende kilabuni hakutoshi, kwani akitoka kazini jioni na baridi inamkata mifupa, ataketi wapi? Kwa hiyo wakaanza kujenga kumbi zao. Humo walipika chai, wakaweka magazeti, wakaimba, wakasomeshana na kufanya mihadhara. Kila mji mkubwa ukawa na ukumbi au zaidi. Walimpokonya mtu chupa na badala yake wakampa kikombe cha chai, kiti, na jamaa wa kuketi naye. Jambo hili tuliweke akilini, maana tutalirudia.

MWANA WA FUNDI SAA

William Quilliam alizaliwa Liverpool Aprili 10, 1856. Baba yake alikuwa fundi saa, na asili ya ukoo wao ni Kisiwa cha Man, kilichoko katika bahari iliyo kati ya Uingereza na Ireland. Walikuwa watu wa madhehebu ya Methodisti, madhehebu yaliyoshikilia sana kupinga ulevi. Alipokuwa na umri wa miaka saba tu, mtoto huyo alitia sahihi ile ahadi. Watoto wengi waliahidi hivyo wakasahau walipoota ndevu. Yeye hakusahau.

Alisoma Liverpool na katika Kisiwa cha Man, akafuzu uwakili mwaka 1878, na mwaka uliofuata akaoa. Punde jina lake likavuma katika mahakama za mji ule. Alikuwa na ulimi mwepesi, akili kali na huruma kwa wanyonge, na watu waliokosa wa kuwatetea walimwendea. Mahakamani aliona kwa macho yake yale aliyokuwa akiyasikia kanisani: wizi, vipigo na nyumba zilizovunjika, na nyuma ya mengi ya hayo kulikuwa na chupa.

Kazi ikamzidi, afya ikalegea, na katika miaka ya 1880 akasafiri kwenda kupumzika kwenye jua la kusini. Kutoka Gibraltar alivuka bahari kwenda Morocco. Ndani ya chombo hicho, yasemwa, aliwaona mahujaji wa Kimorocco wakitawadha na kusali huku mawimbi yanakirusha chombo na upepo unavuma, wala hawakujali. Jambo hilo likamwingia moyoni. Akafika nchi ambayo watu wake wameharamishiwa kileo na dini yenyewe, pasipo haja ya chama wala karatasi ya kutia sahihi. Kwa mtu aliyeishi na kiapo cha kutokunywa tangu umri wa miaka saba, hilo halikuwa jambo la kupita hivi hivi. Akaanza kusoma, akauliza, akatafuta tafsiri ya Kurani. Mola humwongoza amtakaye.

MHADHARA WA MOUNT VERNON

Sasa tufike mwaka 1887. Huo ndio mwaka ambao Sayyid Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuwaachia Waingereza usimamizi wa mwambao wetu. Wakati Mwingereza mmoja anachukua pwani yetu kwa kalamu, mwengine kule kwao alikuwa anaichukua dini yetu kwa moyo wake. Hiyo ndiyo dunia, na mambo yake hayaishi kustaajabisha.

Quilliam alikwisha kusilimu, lakini hakutoka barabarani akapiga kelele. Alikwenda mahali alipojulikana, napo ni ukumbi wa wapinga pombe katika barabara ya Mount Vernon, akatoa mhadhara juu ya watu wenye siasa kali. Hoja yake ilikuwa hivi. Wanaopinga pombe huitwa wendawazimu na watu wenye kupindukia mipaka. Lakini kila aliyeiletea dunia heri kubwa aliitwa hivyo kwanza na watu wa zama zake, kisha vizazi vya baadaye vikamshukuru. Na katika safu ya watu hao, mbele ya hadhara ya Wakristo watupu, akamtaja Mtume Muhammad (S.A.W.), kuwa ni mtu aliyeutoa umma mzima katika ulevi.

Tuutazame ujuzi wa mtu huyu. Waliokuwamo ukumbini walikuwa wamefundishwa tangu wadogo kwamba Mtume alikuwa mtu mbaya. Lau angaliwaanza kwa mabishano ya dini, wangaliondoka. Yeye aliwaanzia pale walipokuwa wamesimama tayari. Walichukia ulevi, akawaonyesha aliyeuondoa ulevi. Na hii si hila iliyobuniwa Liverpool. Tuliosomeshwa chuoni twajua kwamba hata katazo la pombe lilishuka kwa hatua: kwanza watu wakaambiwa madhara yake yazidi manufaa yake, kisha wakakatazwa kuikaribia Sala hali wamelewa, na mwisho likaja katazo kamili katika Suratul Maida. Mwenyezi Mungu, aliye muweza wa kuamrisha mara moja, aliwachukua waja wake kidogo kidogo.

Miongoni mwa waliovutwa na mihadhara hiyo alikuwa mwanamke kijana, Elizabeth Cates, mzaliwa wa mwaka 1865 wa mji wa Birkenhead, ng'ambo ya mto Mersey. Naye alikuwa mwanachama wa wapinga pombe. Alikwenda kumuuliza Quilliam maswali, akaazimwa tafsiri ya Kurani akaisome mwenyewe. Mamake alipokiona kitabu hicho akataka kukiangamiza, ikambidi bintiye akifungie na kukilinda. Mwaka huo huo wa 1887 akasilimu na kuitwa Fatima. Njiani alitupiwa maneno na uchafu, hata mavi ya farasi alipakwa usoni. Hakurudi nyuma. Akawa mweka hazina wa jamaa ile changa, na ndiye nguzo yake mpaka alipofariki mwaka 1900. Tukimtaja Sheikh Abdullah tusipomtaja Bibi Fatima, tumesimulia nusu ya habari.

Jamaa ile wakapanga mahali katika ukumbi wa Mount Vernon, wakawa wanakutana na kusali humo. Lakini haikupita miaka miwili ila mwenye jumba alipata habari kwamba wapangaji wake wanafundisha kuwa Nabii Issa (A.S.) hakusulubiwa. Akawafukuza. Kupinga pombe pamoja nao aliweza, bali kuvumilia hilo la msalaba hakuweza.

NYUMBA NAMBARI 8

Mwaka 1889 wakahamia nyumba nambari 8, Brougham Terrace, katika barabara ya West Derby. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa Taasisi ya Waislamu ya Liverpool, pamoja na msikiti wake. Siku waliyoifungua ilikuwa Krismasi, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwalisha maskini wa mji, ambao hawakuwa Waislamu. Wakaendelea kufanya hivyo kila mwaka, na waliolishwa walihesabika kwa mamia.

Si kwamba majirani waliwapokea kwa maua. Muadhini aliposimama dirishani kuadhini, alirushiwa mawe, matope na mabonge ya theluji yaliyofichwa mawe ndani yake. Waliokwenda kusali walikuta vigae vya chupa vimemwagwa penye mazulia. Wakasafisha, wakasali, na kesho yake wakarudi.

Na hapa ndipo lile nililokuomba uliweke akilini linaporudi. Quilliam aliijenga taasisi yake kwa mfano wa kumbi alizokulia. Hakutosheka na mihrabu peke yake. Aliweka maktaba, chumba cha kusomea, shule ya watoto, madarasa ya jioni ya watu wazima, na hata jumba la vitu vya kale. Jumapili jioni palikuwa na mkutano wa wote, wenye mihadhara na nyimbo za kumsifu Mungu, mfano wa kasida zetu za maulidi, ili mgeni aliyezoea kanisa asijione amepotea njia. Ijumaa ikawa ya Sala ya Ijumaa kama kawaida. Aliwafungulia pia watoto waliotupwa na wazazi wao nyumba ya malezi, akaiita Madina. Mabaharia wa Kiislamu kutoka Bara Hindi na kwingineko, waliofia katika hospitali za Liverpool bila jamaa, walipata watu wa kuwaosha, kuwasalia na kuwazika. Kwa hili la mwisho tu, mtu wa bandari hawezi kumsahau.

Mwaka 1893 akaanzisha gazeti la kila wiki liitwalo The Crescent, yaani Hilali, na jarida la kila mwezi pia. Yalisomwa nchi nyingi. Kijitabu chake cha kuieleza dini kilifasiriwa kwa lugha kadha wa kadha, na Malkia Victoria mwenyewe aliagiza nakala. Mwaka 1894 Sultani Abdul Hamid wa Uturuki akampa cheo cha Sheikhul Islam wa visiwa vya Uingereza. Mwaka huo huo alimwakilisha Sultani huyo Lagos, Nigeria, katika kufunguliwa kwa msikiti uliojengwa na tajiri Mohammed Shitta. Mwaka 1895 alizuriwa na Nasrullah Khan, mwana wa Amiri wa Afghanistan, aliyeacha msaada wa pauni 2,500, na kwa fedha hizo taasisi ikapanuliwa hadi nyumba za jirani. Katika muda wa miaka ishirini hivi, watu wapatao 600 walisilimu kwa mkono wake au kwa mkono wa jamaa zake.

MGEMA NA TEMBO LAKE

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sipendi kulisema hili juu ya marehemu, lakini mwenye kusimulia maisha ya mtu akificha upande mmoja huwa anamdhulumu msomaji.

Maadui Sheikh Abdullah alikuwa nao wengi, na baadhi ya sababu zake ni za kumtukuza. Mwaka 1896, Waingereza walipokuwa wanaandaa jeshi la Sudan, alitoa fatwa kwamba si halali Muislamu kuchukua silaha kumpiga Muislamu mwenziwe kwa ajili ya dola isiyo ya Kiislamu. Magazeti ya kwao yakamwita msaliti. Alisimama pale pale, na katika hilo historia imempa haki yake.

Lakini lililomwangusha halikuwa fatwa. Lilikuwa kesi ya talaka, ambamo alionekana ametengeneza ushahidi ili mteja wake apate kuachwa na mumewe. Yawezekana alimwonea huruma mwanamke huyo, kwani sheria ya talaka ya nchi ile wakati huo iliwaelemea wanawake. Lakini hila ni hila, na wakili ndiye wa kwanza kulijua hilo. Mwaka 1908 aliondoka Liverpool kwenda Istanbul, na mwaka 1909 jina lake likafutwa katika orodha ya mawakili. Mwaka huo huo Sultani aliyempa cheo naye akapinduliwa.

Sasa tazama yaliyofuata. Magazeti yale yakakoma mwaka ule wa 1908. Nyumba zikauzwa. Jamaa wakatawanyika, huyu huku na yule kule. Mali ile haikuwa imesimama juu ya waqfu madhubuti unaomkinga Mungu na waja wake dhidi ya kuanguka kwa mtu mmoja. Ilisimama juu ya Quilliam, na Quilliam alipoondoka, iliondoka naye. Jumba lile likaja kuwa mali ya serikali ya mji, likageuzwa ofisi ya kuandikishia vizazi, ndoa na vifo. Kwa miongo mingi watu wa Liverpool waliingia mlango ule kuandikisha watoto wao na maiti wao, wala wengi hawakujua kwamba ndani humo watu walisujudu.

Yeye mwenyewe alirudi Uingereza baada ya miaka michache, akaishi kwa jina jengine, Henri Marcel Léon. Hakuacha dini yake. Aliandika, akafundisha, akashirikiana na Waislamu wa London na wa msikiti wa Woking. Alifariki London Aprili 23, 1932, na akazikwa katika makaburi ya Brookwood. Humo humo wamelala Marmaduke Pickthall na Abdullah Yusuf Ali, wafasiri wa Kurani ambao vitabu vyao vimo katika nyumba nyingi za pwani yetu. Na mwaka ule ule wa 1932, hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kulitoa gazeti lake la Al-Islah, kuwahimiza Waislamu wa pwani wajirekebishe. Kalamu moja ilikuwa inawekwa chini, na nyengine inachovywa wino.

MLANGO UMEFUNGULIWA TENA

Jumba la Brougham Terrace liliachwa tupu, likavuja na kuoza. Katika miaka ya 1990 Waislamu wa Liverpool wakaunda jumuiya kwa jina la Abdullah Quilliam, wakachanga, wakaomba, wakakarabati. Mwaka 2014 Sala ikarudi ndani yake, baada ya zaidi ya miaka mia moja.

Msomaji wangu, nimeyaandika haya si kwa kutaka tumsifu Mzungu aliyesilimu. Tunawajua wengi waliosilimu, na sifa zote njema ni za Mola. Nimeyaandika kwa sababu ya vijana wetu. Tembo la mnazi sasa ni jambo dogo. Mitaani mwetu muna unga, muna vidonge, na muna mama wanaokesha milangoni wakingojea mwana ambaye huenda asirudi. Ijumaa tunawasikia makhatibu wakikataza, na wana haki ya kukataza. Lakini kijana akitoka msikitini baada ya Isha, tumemwekea kiti gani? Maktaba iko wapi, darasa la jioni liko wapi, baraza yenye kahawa ambayo mkubwa anaketi na mdogo bila ya kumkemea iko wapi? Muuza unga kwake hafungi mlango.

Watu wa Preston na wakili wa Liverpool walilijua hilo, kwamba katazo lataka liandamane na mahali pa kukaa. Na yaliyompata wakili huyo yatufundisha la pili: mahali hapo pakishapatikana, pawekwe waqfu ulioandikwa na wenye kuusimamia zaidi ya mmoja, pasije pakauzwa siku ambayo mwenye kupaasisi ameteleza au amekufa. Nyumba tupu za waqfu tunazo hapa hapa mitaani kwetu. Zina kufuli, na funguo zake zimo mikononi mwa watu tunaowajua.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Abdullah na Bibi Fatima, awasamehe walipokosa, na atujaalie sisi tulio hai kufanya lililo letu. Amin.